Visanduku Mbele ya Namba

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu, nilipewa wembe. Mchoraji Mkuu wa kituo chetu cha vipimo vya mto, hapa Ifakara, alikuwa mtu mrefu aliyezungumza kwa sauti ya kuogopa kuamsha mtoto. Alinikabidhi ule wembe ukiwa bado kwenye karatasi yake na kusema, "Kuchora utajifunza kwa wiki chache. Kukwangua kutakuchukua miaka."

Ninyi mnaoanza kazi sasa hamkuiona karatasi angavu. Ilikuwa karatasi nyororo, ukiweka kidole nyuma yake unakiona. Juu yake tulichora grafu za mto kwa wino mweusi. Wino ukidondoka hukutupa karatasi. Uliacha doa likauke, ukalikwangua kwa ncha ya wembe taratibu, kisha ukasugua mahali pale kwa ukucha ili wino mpya usisambae. Miezi yangu ya kwanza iliishia katika kazi hiyo. Wengine walichora, mimi nilisafisha.

"Doa ni uongo," Mchoraji Mkuu alituambia. "Msomaji akiona alama isiyo na maana, ataipa maana."

Dirisha la chumba chetu lilitazama mashamba ya mpunga. Masika maji yalisimama kwenye majaruba, na mwanga wake uliingia ndani ukachezacheza darini, hata ukiinua macho kutoka kwenye karatasi ulidhani umeketi chini ya mto. Nilichora mstari wa mto huku kivuli cha maji kikipita juu ya mkono wangu. Siku nyingine nilisahau kula.

Kila grafu ina mihimili miwili. Ule wa chini hubeba siku. Ule wa kusimama hubeba kimo cha maji, au mtiririko, yaani wingi wa maji yanayopita kila sekunde. Mtiririko huandikwa kwa mita za ujazo kwa sekunde, na ile tatu ndogo inayopanda juu ya herufi m, tunayoiita kipeo, niliiandika kwa kalamu nyembamba kuliko zote, nikiwa nimezuia pumzi. Tatu ikishuka ikakaa sawa na m, umeandika kitu kingine.

Baadaye nikahamishiwa Chita, kwenye banda letu dogo la vipimo. Asubuhi nilisikia vijana wa kambi ya jeshi la kujenga taifa wakiimba mchakamchaka upande wa pili wa mpunga, nyimbo zikija na kupotea kufuatana na upepo. Huko ndiko nilikojuana na Mzee Remigi, ambaye wakati ule hakuwa mzee. Alikuwa mvuvi, Mndamba wa palepale, aliyeajiriwa kuwa msoma geji. Geji ni ubao wenye alama za sentimita, umesimikwa mtoni. Yeye aliusoma kila alfajiri na kuandika namba kwenye daftari.

Geji ya Mzee Remigi haikufanana na nyingine. Kwenye vituo vingine sifuri imewekwa chini, sakafuni mwa mto, na namba zinapanda. Kwake sifuri iliwekwa juu, kwenye ukingo. Fundi wa kwanza alipokuja kuusimika ule ubao aliwasikiliza wazee, na wazee wa pale huuhesabu mto kuanzia mdomo wake. Maji yakiwa chini ya mdomo ni hasi. Yakifika mdomoni ni sifuri. Yakipita hapo, beba mpunga wako uondoke. Niliwahi kumwambia kwamba vituo vingine havifanyi hivyo.

"Kina cha maji kinamfaa samaki," alinijibu. "Mimi nataka kujua yamebakiza kiasi gani kufika kwangu."

Alipiga kile kistari cha hasi kwa rula, kila siku, kila namba.

Kutoka Chita nilipelekwa Uchindile kuchora mvua. Kule milimani, kati ya mashamba ya miti, ukungu ulikuwa ukiingia ofisini kama mtu wa nyumbani na kukaa mpaka saa nne. Sina mengi ya kusema juu ya Uchindile isipokuwa kwamba nililala vizuri. Niliporudi Ifakara, Mchoraji Mkuu alikuwa amestaafu, kalamu zilikuwa zimefungiwa kabatini, na mezani kwangu kulikuwa na kompyuta.

Aliyenifundisha kompyuta ni Kulwa, afisa takwimu wetu, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Alinisalimia shikamoo kila asubuhi, halafu akanisahihisha mchana kutwa. Programu yetu ilichora grafu kwa maagizo ya kuandika, na kila chenye hesabu, mfano kile kipeo changu cha tatu, ulikiweka kati ya alama mbili za dola ili programu ijue kuwa hapa ni hesabu, si maneno ya kawaida. Mara ya kwanza nilisahau dola ya pili. Kwenye mhimili vikatoka vyote vikiwa uchi: dola, herufi m, kile kialama cha kofia na tatu iliyokaa chini.

"Mama, hii programu ni ndama," Kulwa alisema. "Lazima umfunge kamba huku na huku. Ukimwachia upande mmoja anakwenda kula mpunga wa watu."

"Ninyi kila kitu ni ng'ombe."

"Na ninyi watu wa mto kila kitu ni samaki. Funga kamba, Mama."

Nikafunga. Siku nyingine nilitaka herufi ya Kigiriki kwenye lebo, programu ikaimeza nusu na kuacha pengo. Jina la herufi hiyo hutanguliwa na mkwaju wa kinyumenyume, yaani mstari mshazari ulioinamia kushoto; kumbe mkwaju huo ukifuatwa na herufi fulani husomwa kama agizo la kuruka nafasi, na dawa yake ni kuandika r kabla ya alama za kunukuu, ili programu ichukue maandishi kama yalivyo. Vitu vidogo vya namna hiyo viliijaza miaka yangu ya mwisho, na nilivipenda. Niliona ni uleule wino, ila sasa haukudondoka.

Kisha makao makuu wakatuletea mwongozo kwamba ripoti zote zitumie mtindo mmoja mpya wa herufi, fonti nyembamba, ya kupendeza. Kulwa aliiweka. Grafu zikatoka nzuri, isipokuwa moja. Kwenye ile ya Mzee Remigi, mbele ya namba za mhimili wa kusimama, kulitokea visanduku vidogo vitupu. Nikafanya nilichofanya maisha yangu yote. Niliifungua picha kwenye programu ya kuhariri picha, nikachukua kifutio, nikavikwangua kimoja kimoja. Grafu ikawa safi. Nilifanya hivyo kwa ripoti tatu mfululizo, na sikumwambia mtu, kwa maana nani hutangaza kwamba amefuta doa?

Zikiwa zimebaki wiki chache nistaafu, Mkuu wa Kituo mpya alituita, Kulwa na mimi, ofisini kwake. Alikuwa mhandisi makini aliyetoka mkoa mwingine, mtu wa kusoma ripoti mpaka ukurasa wa mwisho. Mbele yake alikuwa na grafu ya Mzee Remigi ya miezi ya kiangazi. Akatuonyesha kwa kalamu. Juni mita mbili. Septemba mita tatu. Mito yote ya bonde inashuka wakati wa kiangazi, alisema, huu mmoja unapanda. Na mhimili wenyewe umegeuzwa, namba kubwa iko chini. Kwa maoni yake msoma geji alikuwa anakaa nyumbani na kubuni namba.

Kulwa alisema kwa sauti ya chini kwamba baba yake alinywesha ng'ombe palepale mwezi wa tisa. Walishuka ukingo mpaka pembe zikapotea machoni.

"Basi umenisaidia," Mkuu wa Kituo alisema. "Maji yalikuwa chini kiasi hicho, na yeye anaandika tatu. Hakwenda hata kutazama."

Barua ya kumwondoa Mzee Remigi ilikuwa tayari imechapwa. Angeisaini Jumatatu.

Nilirudi mezani kwangu. Nilikuwa nimemwona mtu yule akiingia mtoni na homa, amejifunga shuka, ili tu asome ubao. Nikatoa daftari lake kabatini. Juni, hasi mbili. Septemba, hasi tatu. Kila kistari kimenyooka kwa rula. Kisha nikaifungua grafu ya mwaka mzima, ambayo nilikuwa bado sijaisafisha, nikaitazama kama ambavyo ningepaswa kuitazama tangu mwanzo. Juu ya sifuri, namba hazikuwa na kisanduku. Sifuri yenyewe haikuwa nacho. Chini ya sifuri, kila namba ilikuwa nacho, kimoja, upande wa kushoto.

Doa halina utaratibu. Visanduku hivi vilikuwa na utaratibu.

Nikamwita Kulwa. Alitazama muda mfupi tu, akashika kichwa. Akanieleza kwamba kuna vistari viwili. Kimoja kifupi, kipo kwenye kibodi, tunaungia maneno. Kingine kirefu kidogo, ndicho alama ya hasi ya kweli ya hesabu, na programu yetu hutumia hicho. Fonti mpya haikuwa nacho. Programu ikikosa alama kwenye fonti huchora kisanduku mahali pake, ili ujue kwamba hapa palikuwa na kitu. Na ilikuwa imetuonya, kwa maandishi, kila ilipochora. Maonyo yalipita kwenye dirisha jeusi la kioo cha kompyuta, ambalo mimi nililifunga bila kusoma.

Dawa ilikuwa mstari mmoja wa kuiamuru programu itumie kistari kifupi kwa namba hasi. Kulwa aliuandika. Tukachapa upya. Mstari wa mto ulikuwa uleule, haukusogea hata unywele, ila sasa ulishuka kutoka hasi mbili hadi hasi tatu, kama mto wowote wa kiangazi.

"Tuseme ni kompyuta," Kulwa alisema. "Kompyuta haina wajukuu wa kuionea aibu, Mama."

Nilifikiri juu ya hilo nikiwa nimeshika karatasi bado ina joto la printa. Lakini kompyuta ndiyo iliyokuwa imesema kweli. Nikaingia kwa Mkuu wa Kituo nikiwa na grafu mbili na daftari.

"Programu ilionyesha mahali palipokosekana kitu," nilimwambia. "Mimi ndiye niliyepafuta. Mara tatu."

Alilinganisha karatasi zile kwa muda mrefu. Hakunifokea. Aliuliza jambo moja tu, kwa nini sifuri ya mtu huyu iko ukingoni. Nikamjibu kwa maneno ya Mzee Remigi mwenyewe, yale ya samaki. Akaitoa barua kwenye faili, akaandika juu yake kwa mkono "Imefutwa", akasaini hapo. Kisha akaagiza kwamba kuanzia siku ile lebo ya mhimili iseme wazi: kimo cha maji kutoka ukingoni, kwa mita. Na akasema habari hizi nimpelekee Mzee Remigi mimi mwenyewe, kwa mdomo.

Nilikwenda kwa treni. Bonde lilikuwa limekauka rangi ya mkate, na moshi wa mabua ulilala chini bila haraka. Mzee Remigi nilimkuta akishona wavu. Fununu ya barua ilikuwa imemfikia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Fide. Umekuja kunifukuza au kula?"

Nikamweleza yote, visanduku, wembe, kila kitu. Alisikiliza bila kuinua macho kwenye wavu.

"Kwa hiyo umenijazia maji mita tatu juu ya ukingo," alisema mwishowe. "Mimi, mke wangu na kuku."

"Ndiyo, mzee."

"Na kule ofisini wakaamini."

Akainuka, akanipeleka mtoni, akanionyesha geji na kuniambia nisome. Nikasema mbili nukta saba. Akasubiri, daftari mkononi. Maji yalipita taratibu mbele yetu, yamebeba jani moja.

"Sema yote," alisema.

"Hasi mbili nukta saba."

Ndipo akapiga kistari kwa rula, akaandika, akanipa samaki wa kwenda nao.

Nimestaafu sasa, naishi Kibaoni, hapahapa Ifakara. Wembe wa Mchoraji Mkuu ninao, umeshika kutu, na mara nyingine huutoa nikaukumbuka mwanga ule wa maji darini. Alinifundisha vizuri yule mzee, na bado naamini msomaji anastahili karatasi safi. Ila ninyi mnaokuja, kabla ya kufuta msilolijua, jiulizeni limekaa mbele ya nini.

Mzee Remigi bado anasoma geji. Vipimo hutuma kituoni, kwa Kulwa, lakini kila alfajiri na mimi hunitumia ujumbe kwenye simu, ingawa sina tena grafu ya kuchora. Kiangazi chote aliandika, "Mama Fide, leo hasi mbili na nusu. Usiikwangue." Kisha mvua zikaanza milimani, na namba zikapungua siku hadi siku. Hasi moja. Hasi nukta nne. Usiikwangue. Usiikwangue.

Jana kulipokucha mvua ilikuwa imekatika, na maji yalisimama hadi kizingitini kwangu, meupe, yameshika anga lote. Simu ikalia.

"Leo sifuri, Mama Fide. Hakuna cha kukwangua. Tunafunga mizigo."