Cheti Kimefika, Binti Hayupo

Juzi nilikuwa katika ofisi ya mbunge wetu hapa Kasongo, Kongo, mama mmoja wa Kabambare alipoingia. Binti yake alizaliwa kambini Tanzania wakati wa vita, na kwa sababu hiyo wakubwa walimnyima cheti cha uraia. Mama alikuwa amemwomba mbunge msaada, naye alihangaika kweli. Sasa akamkabidhi cheti kwa mikono miwili.

“Mama, utusamehe, tumekawia. Mutoto iko wapi?”

Mama alikipangusa cheti kwa kitenge, ingawa hakikuwa na vumbi.

“Alichoka kungoja, mheshimiwa. Alisharudia kule kambini.”

“Kule wanamupokea muzuri?”

“Wanamupokea. Wanamuita Mukongomani.”

Mbunge aliinamisha kichwa. Mimi nilikuja kulalamikia barabara, lakini nilimfungulia mama mlango, nikaondoka naye.