Waya mupya ndani ya nguzo ya phonie

Ni ule mwaka maharagi ilioza mu shamba, tukakula sombe, majani ya muhogo, asubuhi na jioni. Leo mujukuu wangu anachoma ngozi ya waya ya pano yake ya kutosha umeme mu jua, na ile harufu inanirudisha pale.

Phonie ya paroisse, ile radio ya kanisa ya kuongea na watu ba mbali, ilikuwa imenyamaza, waya ya ndani ya nguzo yake ya bomba ilikuwa imeoza. Baba alikuwa amelazwa ku Beni, hatukujua kama bado anapumua. Tekinisien, fundi wa phonie, akapanda ile nguzo yenye ilipita mikaratusi kwa urefu, akawa mudogo kama ndege. Alitaka kutosha waya ya zamani inje kwanza. Mama yangu, mushonaji, akakataa:

"Kamba ya kiuno ya jupe habaitoshe hivyo. Funga mupya ku mukia ya zamani, mi nivute huku chini."

Tekinisien akachoma ngozi ya ncha zote mbili, harufu ikashuka mpaka kwetu, akazifunga, mama akavuta. Katikati ikakwama, mvua ikaanza. Tekinisien akaita kule juu:

"Mama, achilia, tuikate."

"Siachilie mimi."

Akavuta mpaka vidole vikatoka damu. Waya mupya ikatoka chini, inang'aa kama nyoka. Mi nilisahau kufunga kinywa.

Kisha sauti ya baba ikatoka mu ile sanduku ya phonie: "Niko muzima." Mama akakamata mikro ya kusemea na mikono yote mbili. Nyuma yake watu walikuwa wamejipanga, Tekinisien akamuambia:

"Mama, achilia, bengine banangoja."

"Siachilie mimi."