Kumpelekea Baba Baiskeli Kaloleni

Baba alipoacha kazi ya upishi hotelini Malindi, alirudi kwake Kaloleni na vitu vyake vyote isipokuwa baiskeli. Ilibaki Muyeye, mtaa wa huko huko Malindi, kwenye nyumba niliyokaa na kaka yangu na mkewe, imeegemezwa ukuta wa jikoni, kuku wakilala juu ya karia ya nyuma. Ilikuwa nyeusi, nzito, kongwe kunishinda mimi niliyekuwa na miaka ishirini na mitatu. Breki zake zilikuwa za vyuma virefu, kiti cha ngozi juu ya springi mbili, na gia hata moja haikuwa nayo. Kila barua ya baba iliishia na maneno yale yale: nileteeni baiskeli yangu, na msiipandishe juu ya basi, itapindwa.

"Sasa itafikaje?" kaka akauliza siku moja tukinywa chai. "Itembee yenyewe?"

"Nitaiendesha mimi," nikasema.

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Wewe? Unaijua ile milima ya Chonyi?"

"Si nimeipita mara ngapi kwa basi."

"Basi ndilo linaloijua, si wewe."

Wifi yangu hakucheka. Aliingia chumbani, akatoka na suruali kuukuu ya mumewe. "Vaa hii ndani ya gauni, wifi. Huyu mwache aseme."

Niliondoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, leso kiunoni, chupa ya maji na viazi vya kuchemsha kwenye kikapu. Miaka hiyo ya themanini mwanamke juu ya baiskeli ya kiume alikuwa sinema ya bure. Nilipopita stendi ya Gede, utingo mmoja akapaza sauti: "Dada! Umemwibia nani hiyo?"

"Ya baba!" nikajibu, wala sikusimama. Kusimama kulikuwa na taabu yake. Miguu yangu haikufika chini, kwa hiyo kila nikitaka kushuka nilitafuta kwanza jiwe au kichuguu cha kukanyagia. Nikikosa, nilianguka. Nilianguka mara mbili kabla ya Matsangoni, na zote mbili mbele za watu.

Pale Matsangoni nilipata gogo zuri kando ya bibi mmoja aliyeuza mihogo. Nikashuka kwa heshima.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba. Mbona mbio hivyo, unakwenda kuzika?"

"Hapana. Nampelekea baba baiskeli yake."

"Basi polepole, mwanangu. Mwenye kuzika ndiye wa kukimbia."

Kufika Kilifi jua lilikuwa limeshapanda. Daraja lilikuwa bado halijajengwa, tukavuka mkondo wa bahari kwa feri, na ule ndio muda pekee siku nzima nilipokwenda mbele bila kukanyaga kitu. Nilitamani mkondo ule uwe mpana zaidi. Ng'ambo, baada ya Mavueni, niliiacha lami nikashika barabara ya vumbi iendayo bara, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kilima cha kwanza nilikipanda kwa kiburi. Cha pili nilikisukumia baiskeli kwa mikono. Cheni ikaruka, nikairudisha, ikaruka tena, mikono ikawa myeusi mpaka viwikoni, na nilipojipangusa jasho uso nao ukawa vivyo hivyo. Kila nikifika juu nikidhani nimemaliza, naona kingine kinaningoja. Katikati ya kilima ambacho sikumbuki kilikuwa cha ngapi, niliilaza baiskeli majanini, nikakaa, nikalia. Nalia huku nakula kiazi.

Mzee mmoja mgema akateremka na baiskeli yake, vibuyu viwili nyuma. Akasimama.

"Kilichokushinda ni mlima au ni baiskeli, mjukuu wangu?"

"Vyote viwili, babu."

Aliinua gurudumu la nyuma akalizungusha kwa kidole. Lilizunguka kidogo, likakwama. Akalizungusha tena. Likakwama.

"Umetoka wapi?"

"Malindi."

"Malindi! Na breki imeshika hivi?" Kisha akatoa spana mfukoni, akalegeza nati moja, na gurudumu likazunguka kama feni. "Sasa sikiliza. Mlima usiuendee uso kwa uso. Nenda kama nyoka, ubavu huu, ubavu huu."

Sikujua nicheke au nilie upya. Kutoka pale nilikwenda kama nyoka, na baiskeli ile ile iliyokuwa gogo ikawa jani. Mlima wa mwisho, ule unaoingia Kaloleni, niliupanda wote bila kushuka. Watoto walinifuata wakipiga makofi, na mimi nikipiga kengele ingawa njia ilikuwa tupu.

Baba alikuwa uani akifua nazi. Aliitazama baiskeli kwanza, magurudumu, kiti, usukani, ndipo akanitazama mimi.

"Kaka yako yuko wapi?"

"Yuko Muyeye. Nimeileta mimi."

"Ule mlima wa mwisho, ulishuka?"

"Huo sikushuka. Mingine nilishuka."

"Mimi," akasema taratibu, "nilikuwa nashuka yote."

Mama akaangua kicheko huko jikoni. "Leo umesema kweli! Miaka yote umewaambia watoto kwamba unairuka kama ndege!"

Baba naye akacheka, akanishika bega na kulitikisa, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Kesho yake sikuweza kukaa kwenye kiti wala kuchuchumaa, nikanywa chai nimesimama. Baba aliipangusa baiskeli, akavaa kanzu safi, akasema anakwenda dukani kununua sukari. Mama akamwambia sukari ipo. Akaenda vivyo hivyo, akapita nyumba baada ya nyumba akipiga kengele, akarudi saa sita, bila sukari.