Hodi Tatu Kwenye Kioo cha Mbodze

Mbodze, mpangaji wa juu, alimtia Bi Mejumaa wasiwasi jioni ile alipomkuta uchochoroni na kamba mkononi akipima ukuta. Mwanamke mzima wa miaka thelathini na minne, karani wa kukagua makasha bandarini, hata vazi la kazi hajalivua, amepiga goti kando ya baraza ya watu akihesabu pima!

"We Mbodze! Nyumba yangu waipimia nani? Umetumwa na wanunuzi?"

"Shikamoo, Bi Mejumaa. Sijatumwa. Naipimia gemu."

"Marahaba. Gemu ya wapi hiyo inayotaka kujua unene wa ukuta wangu?"

Mbodze akacheka, akaikunja kamba, akaeleza pale pale penye baraza. Kuna gemu moja ya kwenye kompyuta, watu wa dunia nzima huingia wakakimbizana na kujificha mitaani. Lakini mitaa yenyewe yote ni ya kwa hao walioiunda: barabara pana, theluji, nyumba zimepangwa kama meno. Yeye alitaka watu wakimbizane hapa Kibokoni, Mombasa.

Na alishaujenga mtaa huo mara moja. Miezi minane, kila Jumapili akitoka kanisani, mpaka giza likiingia. Wakati ule kampuni ya gemu haikuruhusu mtu kuongeza kitu, kwa hivyo wajuzi waliichokora kichinichini, wakapachika vyao. Siku moja kampuni ikaitengeneza gemu upya, na vya kuchokora vyote vikafutika. Uchochoro wote wa Mbodze ukaenda, hata jiwe halikubaki.

Hapo Bi Mejumaa akakumbuka. Kumbe ndizo zile siku tatu Mbodze alizoshinda amejifungia chumbani! Yeye alidhani mtoto wa watu amefiwa huko kwao Kaloleni, akampelekea mahamri na mbaazi za nazi bila kuuliza.

"Sasa kampuni imetoa vifaa vyake yenyewe vya kujengea," Mbodze akasema. "Hadharani, kwa kila mchezaji. Ndiyo naanza tena. Lakini hii ikifutika, Bi Mejumaa, kompyuta nauza. Siwezi kuuzika mtaa mmoja mara mbili."

Bi Mejumaa alizaliwa katika nyumba ile, akaolewa ndani yake, akafiwa ndani yake. Kusoma kwake ni kwa chuo cha Kurani na kwa kubahatisha, lakini nyumba aijua kwa kiganja. Mambo ya kompyuta aliyaona ni ya watu wasio na kazi, na alilisema hilo waziwazi. Ikapita miezi minne. Siku Mbodze alipomwita akaone, alipanda ngazi kwa kununa, akajikalisha kitini kama hakimu.

Kisha kioo kikawaka.

Ulikuwa ni uchochoro wao. Si picha, bali ni uchochoro wenyewe, watembea ndani yake. Jua la saa nne limeingia upande mmoja tu, kama linavyoingia. Chokaa imebambuka pale pale kwenye pembe inapogongwa na mikokoteni itokayo soko la Marikiti. Njiwa walikuwa juu ya roshani. Mbodze alisogeza kidole, na Bi Mejumaa akajiona apita penye baraza ya marehemu babake, hatua kwa hatua, naye huku amekaa kitini na magoti yake mabovu. Akashika ukingo wa meza.

"Subhanallah," akasema polepole. "Mwanangu, haya umeyafanya kwa mikono hii?"

"Kwa mikono na kamba."

"Subhanallah." Akarudia tena, kisha akasogeza uso karibu na kioo, na pua ikakunjamana. "Lakini nyumba hii haina haya."

"Imekosa nini?"

"Fungua huo mlango. Haya! Nimesimama njiani, na ninaona mpaka uani. Je, wanawake wa ndani waanika nguo, waosha nywele? Mpita njia awaone? Daka liko wapi?"

Mbodze akashika kichwa. Kwao Kaloleni nyumba zimeuzunguka uwanja, mtu aonekana tangu mbali, na mwenyeji afurahi kumwona aja. Miaka kumi alikuwa akipita kila siku katika daka, kile kibaraza cha kuingilia, penye kona inayokata jicho la mtu wa nje, na hakuwahi kujiuliza ile kona ni ya nini. Yeye alidhani waashi wa zamani walikosa mstari.

"Walikosa mstari!" Bi Mejumaa akacheka mpaka kanga ikamwanguka. "Na hao wakimbizanaji wako waingia vipi? Wasukuma tu mlango kama punda?"

"Mlango wa gemu hufunguka ukiguswa. Ndivyo kampuni ilivyouunda."

"Basi uunde upya. Mtu asimama kando, si mbele ya mlango. Apiga hodi. Angoja. Hodi ya pili, angoja. Ya tatu. Asipojibiwa, ende zake wala asinune."

Lennox, mwenziwe Mbodze wa bandarini, alipokuja kutazama alishauri warudie kuchokora. Vifaa vya kampuni, alisema, vina mipaka, na mlango ule utawashinda. "Tena ukitumia vyao, kazi yako wataisema ni yao."

"We kijana, sikiza," akasema Bi Mejumaa. "Mimi ni mwenye nyumba. Mpangaji akitoboa ukuta wangu kwa siri, nikipaka chokaa naziba, wala simwombi radhi. Nikimwambia mbele za watu, haya, toboa hapa, kesho sina uso wa kuliziba tundu. Hao wamesema mbele za watu. Washikeni kwa neno lao."

Lennox akainua mikono. Mbodze akajifunza vile vifaa wiki tatu, akakosea, akavunja mlango, akaujenga tena, mpaka ukatii. Ukisimama mbele yake, hautingishiki, ila maandishi hukuambia usogee kando. Ukisimama kando ukabisha, sauti huita hodi, na aliye ndani ndiye mwenye kufungua.

Kisha ikatangazwa kuwa gemu itatengenezwa upya, Jumamosi asubuhi. Mbodze hakunywa hata chai. Bi Mejumaa alipanda bila kuitwa, akakaa kando yake na tasbihi. Kioo kikawa cheusi, na mstari mweupe ukatambaa polepole kama siafu. Ukafika mwisho, ukasimama. Mbodze akafumba macho.

"Fumbua," akasema Bi Mejumaa. "Jua limeingia."

Uchochoro ulikuwa pale wote, na chokaa yake iliyobambuka. Na ndani yake mlikuwa na watu! Mmoja, jina lake juu ya kichwa limeandikwa kwa herufi kama nyumba ndogo ndogo, alikimbia akaparamia mlango kwa kifua, na mlango ukamnyamazia. Mwingine akamtazama mwenziwe. Kisha akasogea kando, akageuza uso upande wa njia, akasimama kimya.

*Hodi.*

Mtu wa nchi isiyojulikana, hajui Kibokoni wala Mombasa, amesimama penye mlango wa mamake Bi Mejumaa kwa adabu zake. Bi Mejumaa akainama karibu na kioo.

*Hodi.*

"Nani yumo ndani?" akanong'ona.

"Ni sisi," akasema Mbodze. Machozi yalimtiririka, na uso ameufunika kwa mikono yote miwili. "Mimi wa kwenye gemu nimesimama uani; njia twaitazama tu kutoka juu."

"Basi mjibu, atakwenda zake!"

*Hodi.*

Mbodze hakuweza. Bi Mejumaa akaitupa tasbihi pajani. "Wapi pa kubonyeza? Hapa?" Akakibonyeza kitufe kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama akandaye unga. "Karibu!"

Mlango ukafunguka. Mgeni akaingia dakani, akafika penye kona, akasita, akazungusha kichwa chake atazame dari. Bi Mejumaa alimwangalia bila kupepesa.

"Sasa mwambie avue viatu."

"Hilo sijalijenga, mama."

"Basi lijenge. Si vifaa wamekupa?"