Nililamba picha tukiwa hanimuni Shinyanga, na mke wangu akapata ukuta

Wakuu, natumai mko salama popote mlipo.

Hii ninayoiandika imenitokea mwenyewe. Mke wangu kaisoma kabla sijaituma, kwa hiyo hata ningetaka kuongeza chumvi nisingeweza.

Mnijue kidogo kwanza. Shule niliachia darasa la sita. Sikufukuzwa. Niliona tu barabara inapita mbele ya shule, nikataka kujua inaishia wapi.

Tangu hapo nimeuza maji Mwadui, nimebeba magunia ya mpunga Kahama, nimelisha mawe kwenye karasha kule Bulyanhulu. Karasha, kwa msioijua, ni mashine ya kusaga mawe. Kisha miaka sita ya kuhama duara hadi duara, yaani mashimo ya dhahabu, mwisho nikatua Nyarugusu.

Popote nilipopanga chumba, kazi ya kwanza ilikuwa kupiga msumari ukutani na kutundika begi langu jeusi. Nguo sikuwahi kuzipanga popote. Navaa, nafua, narudisha ndani. Nikiichoka sehemu, ni kushusha begi tu.

Lishikeni hilo begi, nitalirudia.

Nyarugusu ndipo nilipompata Kabula. Alikuwa anapika kwenye mgahawa wa shangazi yake, Mama Holo. Siku ya kwanza nilimuuliza inakuwaje maharage yake yanaiva bila kupasuka. Akaniambia, "Kula kwanza. Mwenye maswali mengi chakula kinampoa."

Tukaoana baada ya mavuno.

Washkaji wa duarani waliposikia tunaenda hanimuni Shinyanga walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akaniuliza, "Watu wanaenda Zanzibar, wewe unaenda Shinyanga kufanya nini, kununua mchele?"

Lakini aliyechagua ni Kabula. Alitaka siku nne za kuzunguka madukani, na alisikia kuna sehemu wanauza picha za kuchora. Mimi sikuona tatizo. Mji nisioujua vizuri kwangu ni sherehe.

Sasa kuna jambo nililijua baadaye, ila nawaambia mapema ili tuende pamoja.

Kabula alikuwa na mkoba mdogo ambao hakuruhusu mtu aushike. Ndani yake kulikuwa na vitambaa saba alivyodarizi kwa mkono wake, kwa miaka, jikoni, maharage yakichemka. Mama Holo alikuwa akimwambia, "Kitambaa kinafunika kochi, hakimlishi mtu."

Kabula akaweka nadhiri kimya kimya. Kama ndani ya siku nne asingepatikana mtu hata mmoja Shinyanga, asiye ndugu yake, wa kukubali kukiweka kitambaa chake mahali watu wakione, basi angerudi mgahawani, vitambaa vifunike makochi ya shangazi, na sindano asiishike tena.

Mimi hakuniambia. Aliona aibu. Na mimi, bila kujua, nikawa namharibia kila tulipokwenda.

Siku ya kwanza tuliingia duka la mapazia. Kabula akamsogelea mwenye duka, mkono tayari uko ndani ya mkoba. "Shikamoo mama. Samahani, nina kitu..."

Mimi huyo nikatokea katikati. Nikamuuliza mama wa watu hizi pete za pazia zinapigwaje kwenye kitambaa, kwa nyundo au kwa mashine. Akanionyesha mashine. Nikaomba nijaribu. Tulipomaliza, duka limejaa wateja na Kabula yuko nje.

Siku ya pili tulikwenda kwa sonara. Hapo naomba mnielewe. Miaka sita nimeshinda chini ya ardhi naitafuta dhahabu, na sikuwahi hata siku moja kuona pete ikitengenezwa. Kwetu dhahabu ilikuwa vumbi kwenye karatasi, anakuja mnunuzi, inaondoka. Yule mzee akaniacha nitazame anavyoyeyusha na kuvuta waya. Nilisimama pale asubuhi nzima kama nimepigwa msumari.

Kabula akaninong'oneza, "Umekuja hanimuni au umekuja ukaguzi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, na sikulitilia maanani.

Siku ya tatu ilikuwa duka la makochi. Wakuu, hapo siwachoshi. Nilimkuta fundi anapigilia sponji, nikaishia kumshikia mbao.

Siku ya nne, ya mwisho, ndipo tukaipata ile sehemu ya picha. Lilikuwa ghala la zamani la pamba, lango la bati, kibao kimeandikwa "Art Gallery". Kabula akaniuliza maana yake. Nikamjibu bila kusita kwamba ni duka la fremu. Mimi sijui Kiingereza, ila sikuwahi kukubali kwamba sijui.

Tukaingia.

Ndani kuta zote nyeupe, na picha zimetundikwa kwa nafasi, kila moja na ukuta wake. Ng'ombe mtoni. Wacheza ngoma na nyoka shingoni. Mwanamke anaanua michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa juani. Kabula alisimama katikati akawa anazunguka taratibu.

Mwenye mahali alikuwa mama wa makamo, vidole vina rangi mpaka kwenye kucha. Mama Sayi. Yeye pia ndiye huchora mabango ya maduka mengi pale mjini. Kabula akamwamkia, akaitikiwa. Nikaona mkono wake umeingia ndani ya mkoba na kubaki humo humo, hautoki.

Mimi nilikuwa nimeona kitu kingine.

Kwenye ukuta wa mwisho kulikuwa na picha ya duara la dhahabu. Si ya kuchora tu. Mama Sayi alikuwa amebandika mawe ya kweli kwenye ubao, vipande na unga wa mawe, na katikati jiwe la ukubwa wa ngumi. Na lile jiwe lilikuwa linametameta.

Mchimbaji yeyote humu atanielewa. Jiwe kavu halisemi kitu. Ukitaka kujua lina nini, unalilowesha, unaligeuza juani, unatazama. Na duarani maji ni ya shida, kwa hiyo tunalamba. Unafanya hivyo mara mia kwa siku mpaka ulimi unatangulia akili.

Nililamba picha.

Nilisikia ladha ya gundi. Halafu nikasikia sauti nyuma yangu, ya utulivu kabisa.

"Baba, hiyo unaionja?"

Nikageuka. Mama Sayi alikuwa amepaka lile jiwe rangi nyekundu asubuhi ile ile, haijakauka, na ndiyo iliyokuwa inametameta. Ulimi mwekundu, kidevu chekundu, na kwenye jiwe kuna mstari mweupe, upana wa ulimi wangu.

Badala ya kuomba radhi, nikasema la kijinga. "Mama, humu dhahabu hamna."

Kabula alikuja mbio. Macho yamejaa machozi, nikadhani ni aibu yangu tu. Kumbe alikuwa anaona siku yake ya mwisho inakwenda na maji, kama zile tatu. Akachomoa kitu cha kwanza alichokishika mkobani ili anifute mdomo. Kilikuwa kitambaa.

Mama Sayi akamdaka mkono.

"We binti, acha. Huyo mwache na ulimi wake. Hicho usikichafue."

Akakichukua, akakitandaza juu ya meza chini ya dirisha.

Na mimi nikakiona kwa mara ya kwanza. Wanawake wanne wanaponda mawe, kila mmoja na mtoto mgongoni. Vumbi amelidarizi kwa uzi mweupe, mwembamba kiasi kwamba unatamani ulipulize. Mmoja wa wale wanawake niliijua kanga yake. Ni jirani yetu.

Mama Sayi aliinama mpaka pua ikakaribia uzi. Kisha akauliza, "Kuna vingine?"

Kabula akatoa cha pili, cha tatu, mpaka sita. Jiko la mgahawa na mvuke wake. Kamba inashuka shimoni na mikono miwili tu inaonekana. Kila kimoja Mama Sayi alikigeuza akatazama nyuma, kwenye mafundo.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna, mama. Naangalia tu."

"Nitatundika viwili. Siwezi kukuahidi kwamba kuna mtu atanunua, hapa watu hununua polepole. Ila ukuta ninao." Halafu akauliza, "Na mnakaa wapi? Maana nikivitundika nataka na vingine, na nataka uje hapa uone wenzako wanavyofanya."

Kabula akanitazama mimi.

Wakuu, katika maisha yangu nimeulizwa hilo swali mara nyingi na siku zote nimejibu, "Nipo nipo." Safari hii ulimi ukiwa bado mwekundu nikasema, "Hapa. Tunakaa hapa Shinyanga."

"Tangu lini?" akauliza Mama Sayi.

"Tangu sasa hivi."

Akacheka, mara ya kwanza tangu tuingie. Akasema basi na mimi kesho nije nilirudishie lile jiwe rangi yake.

Jioni tulimpigia simu Mama Holo. Nilikaa tayari kwa matusi. Akasikiliza yote, kisha akasema, "Sasa makochi yangu mimi yatafunikwa na nini?" Baadaye kidogo akaongeza, "Mwambie avae sweta, huko kuna upepo." Kabula akamwambia wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, akaanza kulia, na simu ikakatika kabla hajamaliza.

Ilikuwa siku ileile aliponieleza yote. Nadhiri, mapazia, sonara, makochi. Nikamwomba msamaha. Nikamuuliza pia kile cha saba, maana Mama Sayi alionyeshwa sita.

Alisita, akakitoa.

Ni ukuta mtupu, umedariziwa kwa uzi wa rangi ya udongo. Kuna msumari. Kwenye msumari kuna begi jeusi, zipu imefungwa. Basi. Hakuna mtu.

Nilikitazama sana. Sikuuliza maana yake, na mnajua mimi nauliza kila kitu.

Sasa tuna miezi minane hapa, muda mrefu kuliko popote nilipowahi kukaa tangu niache shule. Kitambaa kimoja kimenunuliwa na mgeni aliyepita. Kingine panya alikitoboa na Kabula akakitengeneza upya, cha sasa ni kizuri zaidi. Mimi namsagia Mama Sayi mawe kwa ajili ya picha zake, kwa sababu yapo mambo mawili matatu ninayoyajua, na rangi za mawe ni mojawapo. Jiwe nililolilamba nilikwenda kulipaka rangi, akanizuia kwenye ule mstari. Alisema uachwe, wageni wanauliza.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi nilijiona mtu wa kutaka kujua kila kitu, nikajua mashine ya pete za pazia kabla ya kujua kilichomo kwenye mkoba wa mke wangu. Wenye ndoa changa, anzeni na hapo.

Nguo zangu ziko kwenye kabati la mbao, nimelipigilia mwenyewe. Begi jeusi bado liko kwenye msumari, ila wiki iliyopita nilitaka kulibeba kwenda sokoni nikalikuta zito. Nikafungua zipu. Limejaa nyuzi za Kabula.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mwenye kunicheka anicheke, na mchimbaji mwenzangu aliyewahi kulamba kisicholambwa ajitokeze nisiwe peke yangu.