Waya wa Kona ya Chini

Mama aliponionyesha mahali pa kujenga, hakunipeleka juu karibu na barabara, walikojenga ndugu zangu wawili. Alinishusha hadi kona ya chini, kwenye bustani ya nduma, mahali ambapo ukisimama dakika mbili viatu vinaanza kunywa maji. Akasema, "Hapa." Nikamwangalia. Shamba letu liko kwenye mteremko, na mvua yote ya Nyeri ikishachoka huenda kulala pale.

Niliungua moyoni. Nilikuwa nimerudi kutoka Mwea baada ya ndoa kunishinda, nikapanga chumba kimoja Gatitu, nikakaa miaka minne nikiogopa kuomba hata kipande cha kutoshea jiko. Binti aliyeolewa haombi shamba kwao. Hakuna aliyeniambia hivyo, na hakuna aliyehitaji kuniambia. Sasa mama mwenyewe ameniita, na kumbe ananipa kinamasi. Kidogo si haba, nikajiambia, ingawa sikuamini hata neno moja la hiyo methali.

Nyumba yenyewe haikunisumbua, ni vyumba viwili vya mbao na mabati. Kilichonisumbua ni stima. Mita iko ukutani kwa mama, juu kabisa, na kutoka pale hadi kwangu waya lazima upite chini ya ardhi, kwa sababu kuutundika hewani katikati ya miparachichi ni kujitafutia moto. Na ardhi yenyewe ndiyo hiyo, haikauki isipokuwa labda Februari.

Baba angejua la kufanya. Alikuwa fundi wa stima maisha yake yote, na mimi ndiye niliyemshikia ngazi tangu nilipomaliza shule hadi nilipoolewa. Aliniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, na alinifundisha kazi kwa namna ya kunitania. "Mama," angesema, "si kila waya unajua kuogelea." Ule mweupe wa ndani ya nyumba ukiuzika kwenye udongo wa kwetu unakufa masika ya pili. Ukiupitisha kwenye bomba la plastiki umejidanganya tu, maana baridi ya usiku inatoa jasho ndani ya bomba, maji yanajaa taratibu, na siku moja unapigwa na ukuta wako mwenyewe. Wa kuzika ni ule mweusi mzito, wenye nyuzi za chuma zilizoviringishwa chini ya ganda ili jembe na fuko wasiufikie, na ndani yake shaba tupu. Usiuunge katikati, maana maji hayana haraka, hungoja kwenye kiungo. Na ncha zake uzizibe kabla hujaushusha shimoni, la sivyo unyevu utapanda ndani kama mafuta ya taa kwenye utambi.

Tena alikuwa na sheria moja iliyowachekesha wateja. Hakununua waya kabla mtaro haujachimbwa. Alisema anayepima juu ya majani hununua mfupi, na anayenunua mfupi huunga.

Nilimkosa baba vibaya sana wiki ile. Nilimkosa hata pale dukani mjini, ambapo kijana wa kuuza alinitolea waya mweupe na bomba na kuniambia, "Mama, hii iko sawa. Watu wote wanachukua hii." Nikamwuliza kama watu wote wanaishi kwenye nduma. Akacheka, akanionyesha ule mweusi, akauliza mita ngapi. Nikasema sijui, sijachimba. Alinitazama kama mtu aliyempotezea asubuhi yake, na ni kweli nilikuwa nimempotezea. Nilitoka pale nikitamani kumpigia baba simu nimweleze.

Simu zake zenyewe zilikuwa zikinitia hasira. Miaka yote nilipokuwa Mwea alinipigia kila Jumapili baada ya kanisa, na hakuniuliza ninaishije na yule mwanamume. Aliuliza, "Mvua imenyesha huko? Na stima haijapotea?" Nami nilijibu kwamba kila kitu kiko sawa, huku nikiwa nimekaa jikoni na jicho limevimba. Nilitaka aulize swali la pili. Hakuliuliza.

Krismasi ya mwisho ya uhai wake nilipanda nyumbani nikiwa nimeazimia kumwambia. Nilimkuta shambani, tope hadi magotini, anafukia mtaro kando ya ua wa kayaba. Nikamgombeza, mzee wa umri ule anachimba nini kwenye baridi? Akasema ni bomba la maji ya ng'ombe. Kwenye ukuta wa mama, chini ya mita, niliona ncha ya waya mweusi imezibwa vizuri, haijaunganishwa na chochote. Nikamwuliza ni ya nini. "Akiba haiozi, mama," akasema, akaenda kunawa. Mazungumzo yakaishia kwenye tope, nikarudi Mwea na siri yangu. Mwezi wa nne tukamzika. Mimi nilirudi nyumbani mwaka uliofuata.

Sasa, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikachukua langu, nikaanza kuchimba kutokea chini, konani kwangu. Sikuhitaji kufikiri sana kuhusu njia. Nilifuata ua wa kayaba, mbali na mizizi ya miparachichi, kwa sababu ndiyo njia ambayo baba angeifuata.

Sikuwa nimefika mbali jembe lilipogonga tofali. Nikadhani ni takataka, kisha nikakumbuka kwamba pale hakujawahi kujengwa hata banda la kuku. Nikalitoa. Kando yake kulikuwa na jingine, na jingine, yamelazwa kwa mstari. Chini ya matofali kulikuwa na mchanga wa mto. Udongo wetu ni mwekundu na mzito, mchanga haupo humo ila umeletwa na mtu. Nikaweka jembe chini nikaendelea kwa mikono. Nilikuwa nimelaza mchanga na matofali namna ile mara ngapi, nikiwa nimepiga magoti nyuma yake!

Waya ulikuwa pale, mweusi, mzima, umekuja moja kwa moja kutoka juu bila kiungo. Ulipofika kona ya chini alikuwa ameukunja mizunguko mitatu, akiba ya kuingilia nyumbani, na ncha ameiziba kwa mpira na kuifunga tena kwa utepe, na juu ya utepe mfuko wa plastiki. Nikaikata ncha ile. Waya ulioingia maji shaba yake huwa nyeusi. Hii ilikuwa nyekundu safi, kama imetoka dukani siku hiyo.

Nikaketi kwenye tope nikalia kwa sauti. Mama akashuka polepole na fimbo yake. Nikamwuliza kama alijua.

"Alisema usiambiwe," mama akasema. "Ungedhani anakuombea ndoa ivunjike."

Nikamwuliza mbona hakuniambia niliporudi, baba akiwa ameshaenda. Akasema baba alimwagiza angoje siku nitakayokuja kuomba mahali, basi akangoja miaka minne, nami nikakaa Gatitu nikingoja kuitwa. Mwishowe yeye ndiye aliyechoka. Alijua pia kwamba nikichimba nitaupata, kwani si baba aliyenifundisha?

"Lakini kwa nini hapa, mama? Kwenye maji?"

Akanyoosha fimbo kuelekea uwazi kwenye kayaba, ambako kijia cha chini kinatokea. "Alisema ukirudi uwe na lango lako. Usipite mbele ya mlango wa mtu."

Sikurudi dukani. Fundi aliyeniunganisha na mita ya mama alipima waya, akapima tena, akauliza ni nani aliyeulaza. Alitaka kukata mizunguko iliyobaki. Nikamkataza.

Leo asubuhi nimeamka na mvua juu ya mabati, ile ya kwetu isiyo na mwisho. Ni Jumapili. Nimebonyeza swichi, taa ikawaka, nami nikabaki nimesimama pale na kidole ukutani. Imenyesha, baba. Stima haijapotea.