Kipepeo, Kengele na Kiwanda cha Magodoro

Kiwandani walimwita Bi Waya, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akipita bila waya ulioviringishwa ukining'inia begani kama mkoba. Hata mumewe, mtunza stoo wa kiwanda hichohicho cha magodoro, alikuwa na siku zake za kujisahau akamwita hivyo mbele ya watoto. Bi Waya wala hakukasirika. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye subira ya kujilaza chini ya meza ya mtu akitafuta mahali pa kuchomeka plagi, huku mwenye meza akiendelea kunywa chai juu yake.

Ofisi yake ilikuwa chumba kilichobanwa kati ya mashine ya kukatia sponji na choo cha wageni. Vumbi la sponji lilipenya kila mahali. Alipangusa kompyuta asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana zilikuwa zimeota manyoya ya manjano kama vifaranga. Humo ndimo alimoiweka seva, kompyuta kubwa isiyo na kioo, aliyoikalisha juu ya vipande vya sponji ili mtikisiko wa mashine usiifikie.

Seva yenyewe ililetwa kwa amri ya Meneja. Washindani wao wa ng'ambo ya barabara walikuwa wametoa godoro lenye maua yaleyale, rangi ileile, na Meneja akaapa kwamba siri ilivuja kwenye simu za wafanyakazi.

"Kuanzia sasa maneno ya kiwanda yabaki kiwandani," alisema. "Tutaandikiana humuhumu, kwenye kompyuta zetu na seva yetu. Bi Waya, nichagulie programu ya kuandikia."

Bi Waya alizijaribu programu kadhaa, akabaki na mbili zilizo nzuri. Moja ilikuwa na picha ya kipepeo, na ujumbe ukiingia ilifungua kijidirisha kimyakimya pembeni. Nyingine ilikuwa na picha ya kengele, na ujumbe ukiingia ililia nngee. Yeye mwenyewe hakutumia hata moja. Alikuwa na dirisha lake jeusi lenye maandishi meupe tu, halina picha wala mlio, alilolizoea tangu alipokuwa mwanafunzi.

"Bosi," alimwambia Meneja, "kila mtu achukue anayoipenda. Zote zinaongea na seva ileile. Wa Kipepeo akiandika, wa Kengele anapata. Wa Kengele akijibu, wa Kipepeo anasoma. Hakuna tofauti."

Meneja alimtazama kwa huruma. "Kwa hiyo umeshindwa kuchagua."

"Sijashindwa. Nasema hakuna haja ya kuchagua."

"Bi Waya, mimi nilikuomba programu. Umeniletea mjadala." Akavua miwani. "Haya, tutaunda kamati."

Kamati ilikutana kwenye chumba cha maonyesho, na kwa kuwa humo hamna viti, wajumbe walikaa kwenye magodoro ya kuonyeshea wateja. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Bi Waya alisimama mbele yao akieleza jinsi ujumbe unavyotoka kwenye kompyuta, unavyofika kwenye seva, unavyogeuka kumfuata anayeandikiwa. Mhasibu alikuwa wa kwanza kuegemea mto. Msimamizi wa mauzo akavua viatu. Alipofika kwenye sehemu ya nywila, kamati nzima ilikuwa inakoroma, na wateja wawili waliochungulia dirishani waliingia papo hapo kuulizia lile godoro la mhasibu ni bei gani.

Meneja, ambaye alisema hakulala bali alifumba macho ili asikie vizuri, alitoa uamuzi: nusu ya kiwanda ijaribu Kipepeo na nusu nyingine ijaribu Kengele, halafu itajulikana. Washonaji na watu wa mapokezi wakapewa Kipepeo. Stoo na wakata sponji wakapewa Kengele.

Siku za mwanzo watu walifurahi. Waliandikiana habari za asubuhi huku wakiangaliana usoni. Kisha msimamizi wa washonaji, mama mmoja mwenye sauti ya kusimamisha cherehani zote kwa neno moja, ndiyo maana walimwita Kamanda, alisikia wakata sponji wakiwacheka kantini kwamba programu yao ni bubu.

"Bubu?" Kamanda alisema. "Sisi ni watu wastaarabu. Hatupigiwi kengele kama watoto wa shule."

Neno hilo lilifika stoo kabla hajamaliza chai yake. Kuanzia hapo mtu wa Kipepeo akipata ujumbe anauliza kwanza, "Huu umeandikiwa wapi?" Akiambiwa Kengele, anaufuta.

Basi ikatokea sponji za inchi nane zikaisha. Mume wa Bi Waya akawaandikia washonaji: zimebaki za inchi sita, shoneni kava za inchi sita. Kamanda akausoma ujumbe, akakunja sura.

"Hii taarifa imetoka Kengele," akasema. "Siitambui."

Wakaendelea kushona kava za inchi nane. Sponji za inchi sita zikavalishwa kava hizo, zikawa zinaogelea humo ndani kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Haikuchukua muda mteja mmoja akarudi na godoro lake kichwani, jasho linamtoka.

"Nikigeuka kitandani," alilalamika pale mapokezi, "kava inageuka na mimi, godoro linabaki palepale!"

Aliyekuwa mapokezi ni wifi yake Bi Waya, dada wa mumewe, binti mchangamfu aliyependa Kipepeo kuliko mshahara. Akampokea mteja kwa upole, akaliandika lalamiko, akalituma stoo kwa kaka yake. Kaka yake akajibu kwamba malalamiko yatokayo Kipepeo yapitie kwa Meneja.

Bi Waya aliona sasa yamezidi. Akawakusanya wakubwa wa pande zote chumbani kwake, akaweka kompyuta mbili ubavu kwa ubavu, moja ya Kipepeo na moja ya Kengele. Akaandika "Habari" kwenye Kipepeo. Nngee! Ikatokea kwenye Kengele.

"Mmeona?" akasema. "Ni kitu kimoja. Ni sawa na mlango mmoja unaofunguliwa na watu wawili."

Mashine ya sponji ilikuwa inanguruma ng'ambo ya ukuta. Kamanda akainama, akaitazama kompyuta ya kwanza, akaitazama ya pili, akainuka mikono kiunoni.

"Nimeona," akasema. "Kumbe Kengele inatuibia."

"Sisi tuwaibie nini?" mume wa Bi Waya akang'aka. "Hiyo habari yenu nani anaitaka? Mmetuletea wenyewe!"

Bi Waya alijaribu kuanza maelezo mengine, lakini walishatoka wakisukumana mlangoni, na Meneja aliposikia neno wizi akamtuma mlinzi wa getini akailinde seva.

Mlinzi alikuwa mzee wa makamo mwenye kofia safi na nia njema. Alivuta kiti, akakaa uso kwa uso na ile seva iliyokuwa ikipepesa taa zake.

"Mwanangu," alimwambia Bi Waya baada ya kuitazama kwa muda, "hii taa ya kijani ni ya Kipepeo, sivyo?"

"Hapana, baba. Hiyo inaonyesha umeme upo."

"Na hii ya rangi ya chungwa ni Kengele. Nimeshaigundua. Inapepesa sana, haijiamini."

"Baba, hiyo ni diski inafanya kazi."

"Usijali, nimeshaikariri. Ikijaribu kupita nitakuwa nimeiona." Na kila taa ya chungwa ilipowaka alikohoa kidogo, kwa onyo.

Nyumbani nako hakukukalika. Mumewe alikuwa mtu mwema, anayewaogesha watoto na kuvua viatu mlangoni, lakini jioni ile alikula akiwa ameinamia sahani.

"Nakuuliza kama mke wangu," alisema hatimaye. "Wewe uko upande gani?"

"Sina upande. Nina dirisha langu jeusi."

"Hapo ndipo ninaposhindwa kukuelewa. Watu wanateseka, wewe umejifungia kwenye giza lako. Mumeo yuko Kengele, kiwanda kizima kinajua. Wakiniuliza mbona mke wangu haniungi mkono, nitajibu nini?"

"Waambie mkeo ana akili timamu."

"Dada yangu naye ananicheka. Unajua ameniambia nini? Eti Kengele ni ya watu wanaosinzia kazini."

"Basi na wewe acha kusinzia," Bi Waya akasema, na kabla hajajizuia akaongeza, "na ukweli ni kwamba Kengele ni nzito, inakula nafasi bure. Kipepeo ni nyepesi zaidi."

Mumewe aliweka kijiko chini taratibu. Bi Waya naye alishtukia alichosema. Yeye, aliyekuwa akihubiri kwamba hakuna tofauti, moyo ulikuwa unamdunda kwa hasira kwa ajili ya kipepeo wa kuchorwa. Alitaka kucheka, akashindwa. Mumewe alichukua mto, akaenda kulala sebuleni, tena kwenye godoro la kava ya inchi nane, ambalo lilimsumbua kila alipogeuka, na kila lilipomsumbua alihema kwa nguvu ili asikike chumbani.

Meneja akaamua ipigwe kura. Aliandika swali mwenyewe, hakutaka kusaidiwa: "Je, unaikubali programu unayoitumia?" Kila mtu akatakiwa kujibu kwa kuandika Ndiyo au Hapana kwenye programu yake. Kampeni zilikuwa kali. Kamanda alishona vitambaa vyenye kipepeo akavigawa. Wakata sponji wakachonga kengele kubwa ya sponji wakaining'iniza juu ya mashine, nzuri kweli, ila haikulia.

Matokeo yalipotoka, Meneja aliyasoma akiwa amesimama juu ya meza ya kufungia mizigo. Kipepeo: wote Ndiyo. Kengele: wote Ndiyo. Zote mbili zimeshinda bila kupingwa.

Zikasikika shangwe kutoka pande zote, zikakutana katikati, zikafa. Watu wakaanza kutazamana.

"Haiwezekani kuwa na washindi wawili," Meneja akasema, akipanguza shingo. "Hapa tunahitaji mtu wa kati. Bi Waya! Ile ya kwako, ile nyeusi, ina upande?"

"Haina, Bosi, lakini ile siyo ya..."

"Haina upande! Kuanzia kesho tunatumia nyeusi, wote."

Bi Waya alihisi kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta wageni wamejaa jikoni kwake wanafunua masufuria. Dirisha lile lilikuwa kona yake. Lakini amri ni amri. Akapita meza kwa meza, akawafundisha watu kuandika bila picha, bila kipepeo, bila kengele, kukumbuka kuweka jina la mtu mbele ya maneno ili ujumbe umwendee yeye peke yake.

"Nisipoweka jina?" Kamanda aliuliza.

"Wanasoma wote."

"Kiwanda kizima?"

"Mpaka Meneja."

Kamanda aliandika neno "jina" kwenye karatasi akalibandika juu ya kioo, asije akasahau. Mtunza stoo hakuuliza swali lolote. Alisikiliza maelekezo ya mkewe kwa mbali, mikono nyuma, kama mtu anayeonyeshwa nyumba asiyokusudia kupanga.

Asubuhi ya kwanza ilienda vizuri kuliko Bi Waya alivyotazamia. Watu waliandika polepole, wakikosea herufi, na kwa kuwa hapakuwa na rangi wala mlio wa kugombania, walianza kuandikiana habari za kazi. Kisha maneno haya yakashuka kwenye madirisha meusi yote, kutoka stoo, bila jina mbele:

"Mke wangu nisamehe. Kusema kweli hata sikujua tofauti. Niliipenda Kengele kwa ule mlio tu, ulinifanya nihisi kuna mtu ananihitaji huku stoo. Sebuleni mgongo umekufa. Naomba nirudi chumbani."

Cherehani zilisimama moja baada ya nyingine. Mashine ya sponji ikazimwa. Bi Waya alisoma, akahisi masikio yanamchoma, akasoma tena. Mlinzi, aliyekuwa bado ameketi mbele ya seva, alisogeza kiti asome vizuri kwenye kompyuta ya Bi Waya, kisha akavua kofia.

Ndipo majibu yakaanza kushuka.

Kutoka kwa washonaji: "Msamehe."

Kutoka mapokezi: "Wifi, msamehe, ni kaka yangu, tangu utotoni yuko hivyohivyo."

Kutoka kwa wakata sponji: "Hata sisi tunamwombea."

Kutoka kwa mhasibu: "Mgongo si mchezo. Naunga mkono."

Na mwisho kutoka kwa Meneja: "Msamehe tafadhali, kazi iendelee."

Bi Waya alijua kwamba huko stoo, nyuma ya marundo ya kava, mumewe ameshaelewa alichofanya na anatafuta pa kujificha. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la mtandio wake. Angeweza kumjibu peke yake, anajua jinsi ya kuweka jina. Hakuliweka. Akaandika ili wote wasome:

"Nimekusikia, baba watoto. Utarudi chumbani. Ila kwanza wapelekee washonaji vipimo vya sponji zilizobaki, wanakusubiri."

Muda si mrefu mlango wa stoo ukafunguka. Mtunza stoo akatoka na kipande cha sponji cha inchi sita begani, uso ameuinamisha chini, akapita katikati ya cherehani zilizosimama. Kamanda alimpokea mwenyewe. Alikipima kile kipande kwa futi yake, akaguna, akakipima tena.

"Sita," akasema kwa sauti, ili wote wasikie. Kisha akawageukia washonaji wake. "Mnatazama nini? Fumueni zile za nane."